Barolo Iliyokaa Miaka: Usiiharibu Mezani

Ukibahatika kupata chupa ya Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, iliyokaa miaka 15 au 20, aliyelima zabibu amemaliza kazi yake na aliyeitunza naye amemaliza. Inabaki siku ya kuinywa, na hapo ndipo nimeona nyingi zikiharibika. Nahudumia mezani katika mgahawa mmoja hapa Torino, na ushauri huu umetokana na chupa nilizofungua mbele ya wateja.

Barolo hutoka kwenye vilima vya Langhe, karibu na mji wa Alba, na hutengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo peke yake. Sheria inataka ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Ile ya Riserva, yaani inayokaa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa, miezi 62. Hata hivyo, ikiwa changa bado ina ukakasi mkali unaokausha ulimi na ufizi, kama chai iliyochemka mno. Ukakasi huo hulainishwa na miaka. Inayotoka Serralunga d'Alba kwa kawaida huchelewa kulainika kuliko ya La Morra, kwa hiyo kama lebo imetaja kijiji, zingatia hilo kabla ya kufungua.

Isimamishe chupa wima tangu jana yake, mashapo yatue chini. Kizibo cha zamani hukatika kirahisi, hasa ukikivuta kwa pupa. Mimi napenda kifungulio chenye ndimi mbili bapa zinazopita pembeni, kwa sababu hakitoboi katikati. Kisha mimina kwenye jagi polepole, mkono usitikisike, tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa kwa nyuma. Ukiona uzi mweusi wa mashapo unakaribia shingoni, acha hapo hapo. Changa unaweza kuiacha kwenye jagi saa kadhaa ipate hewa. Kongwe usiifanyie hivyo, maana harufu yake inaweza kutoweka kabla chakula hakijafika.

Rangi isikutishe. Nebbiolo haina wekundu mzito hata ikiwa changa, na ikizeeka ukingo wake hugeuka rangi ya tofali. Iamini pua yako: waridi lililokauka, lami, ngozi, uyoga, majani makavu. Ikinuka siki au boksi lililolowa, hiyo imeharibika. Nyuzi joto 16 hadi 18 zinaifaa, na kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam hiyo ina maana ya kuiweka kwenye friji kwa muda kabla ya kumimina. Ikiwa ya moto, pombe ndiyo inayotangulia puani.

Sasa chakula. Ukakasi unataka mafuta na nyama, na uchachu wa Barolo husafisha mdomo baada ya kila tonge. Wenyeji hula brasato, nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya mvinyo wenyewe. Ni tamu sana, lakini kwa chupa kongwe kabisa mchuzi wake naona mzito, unaifunika. Ningechagua tajarin, tambi nyembamba za viini vya mayai, kwa siagi tu, na vuli ikifika, tartufo nyeupe ya Alba, aina ya uyoga unaoota chini ya ardhi, iliyoparuzwa juu yake. Harufu ya tartufo na ya mvinyo huo hukutana vizuri ajabu. Jibini la Castelmagno nalo linafaa.

Ukipika kinyumbani, mbuzi wa kuchoma kwa chumvi tupu atakaa nayo vizuri. Pilipili iache: inazidisha ukakasi na kuwasha kwa pombe. Kachumbari yenye ndimu nyingi huufanya mvinyo uonekane umepooza, na samaki akikutana na ukakasi huo mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni.

Mimina kidogo kidogo, na urudie kunusa kila baada ya dakika kumi, kwa sababu harufu hubadilika kwenye glasi. Imalizeni jioni ileile. Ya kongwe haingoji kesho.