Mhuri Uliochoka Hauzai Herufi ya Pili

Shilingi yangu ya Afrika Mashariki ya 1944 ina kivuli kulia kwa herufi SA. Je, ilipigwa panchi mara mbili? (Moshi)

Kwa picha ulizotuma, hapana. Tarakimu za mwaka nazo zina kivuli upande uleule, na maneno ya jirani vilevile. Herufi ya kiwanda huonyesha sarafu ilipopigwa; SA ni Afrika Kusini. Inapogongwa kwa mkono kwa panchi, kipande cha chuma chenye herufi nchani, hugongwa kwenye mhuri, yaani chuma kinachoipiga sarafu, ambao maandishi mengine yameshaingia. Fundi akikosea, kosa linaishia kwenye herufi hiyo, haliwezi kuhamia kwenye mwaka. Chako ni kivuli cha mhuri uliolegea kwenye mashine ukateleza kidogo. Chukua lenzi ya sonara ya mara 10 utaona ngazi bapa, ya chini, inayong'aa, na herufi yenyewe imekonda, kwa sababu ngazi hiyo imekatwa kutoka ubavuni mwake. Panchi ya pili haikondeshi herufi.

Basi iliyopigwa mara mbili kweli nitaijuaje? (Tanga)

Marekani ndiko pa kujifunzia, maana huko hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 herufi ya kiwanda iligongwa kwa panchi na nyundo, mhuri mmoja baada ya mwingine. Pigo la kwanza likiwa jepesi au la mshazari, fundi alirudia. Kilichozama kwenye mhuri hutokeza kwenye sarafu, kwa hiyo mapigo yote mawili yanatokeza. Kwa kawaida la mwisho liko juu zaidi, kwa kuwa ndilo lililozama zaidi.

Anzia kwenye miisho ya herufi. Kwenye D (ya Denver), tazama pembe mbili za kushoto, ya juu na ya chini. Hapo ndipo pigo la kwanza huchungulia, na kati ya ncha ya zamani na mpya hubaki mfereji mwembamba. Kwenye S (ya San Francisco), tazama miisho yake miwili na ndani ya matumbo yake. Usipouona mfereji huo, punguza furaha.

Tumia taa moja ya mezani, mwanga utoke pembeni na chini, kisha uzungushe sarafu polepole mduara mzima. Kivuli cha mwanga kitahama. Chuma kitabaki mahali pake. Taa za duara zinazofungwa kwenye kamera huleta mng'ao kila upande, na nusu ya "herufi mbili" ninazoletewa zimezaliwa na taa hizo.

Wakati mwingine herufi ya chini si ileile. Senti 5 ya nyati ya 1938 ipo yenye D juu ya S: mihuri iliyokuwa imeshapigwa S kwa ajili ya San Francisco ikagongwa D ikatumika Denver. Dola ya Morgan ya 1900 ipo yenye O juu ya CC, kwani Carson City iliacha kupiga sarafu mwaka 1893 na mihuri iliyobaki ikaishia New Orleans. Hapo usiridhike na kovu lolote. Tafuta umbo: upinde wa S, au upinde wa C.

H kwenye senti 10 yangu ya Afrika Mashariki ya 1936 imevimba, kama ina ukungu kuizunguka. (Mombasa)

Huo ndio mhuri uliochoka (H yenyewe ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham). Kila pigo husukuma metali kuelekea ukingoni, na metali hiyo huula mhuri taratibu. Kingo za herufi zinalegea, upande unaoelekea ukingoni unanenepa, na uwanja wa sarafu unakuwa kama ganda la chungwa, au unaota mistari myembamba kutoka katikati kwenda nje. Hakuna mfereji, hakuna ncha ya pili.

Ukiweza, tafuta sarafu kadhaa zilizotoka kwenye mhuri uleule. Panchi ya mara mbili huwa kali mhuri ukiwa mpya, kisha hufifia. Ukungu wa uchakavu huenda kinyume: huanza kidogo ukazidi. Na usichanganye na uchakavu wa mifukoni, ambao husaga migongo ya herufi. Mhuri mbovu huvimbisha herufi hata kwenye sarafu isiyowahi kununua kitu.

Hukuuliza, lakini nasema: senti 10 ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza wa mwaka huo, si adimu, hata akikuapia muuzaji.

Senti 1 ya Marekani ya 1998, D mbili. Bei? (Dar es Salaam)

Haiwezekani. Tangu 1990 kwa senti 1 na 5, na 1991 kwa nyingine, herufi huwa tayari kwenye mhuri mama, ule unaozaa mihuri mingine, wala haigongwi tena kwa mkono. Hiyo ni zinki iliyopakwa shaba. Unachokiona huenda ni malengelenge.

Heller 20 ya Tabora, 1916: mstari unapita karibu na T. (Tabora)

Pitisha macho, si ukucha. Mstari umetokeza? Ni ufa wa mhuri, metali iliingia humo. Umezama? Ni mkwaruzo wa baadaye. Sarafu hizi za Wajerumani zilipigwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, na nyufa ni za kawaida. Taji kubwa na taji dogo, au ncha za L za neno HELLER zilizopinda na zilizochongoka, ni mihuri tofauti. Msiziite panchi ya mara mbili, tafadhali.

Senti ya 1922 isiyo na D? (Minnesota)

Mwaka huo senti zilipigwa Denver tu, kwa hiyo D ilikuwepo ikafutika kwenye mhuri. Wanunuzi hulipia ile ambayo D imepotea kabisa huku upande wa nyuma, wenye masuke ya ngano, ukiwa mkali. Ikibaki hata alama hafifu ya D, bei hushuka sana. Kagua pia kama D haikukwanguliwa: uwanja hapo utakuwa na mikwaruzo au rangi tofauti.

Nani ananunua shilingi ya Nyerere ya 1966 kwa mamilioni? (wengi mno)

Hakuna. Zilipigwa kwa wingi. Anayekuambia yupo mnunuzi Dubai, ila utume kwanza "ada ya usajili" kwa simu, anataka ada hiyo.

Niliisugua kwa limau ili herufi ionekane vizuri. (Nakuru)

Umeharibu ulichotaka kukiona. Asidi hula uso wa metali, na mfereji mwembamba ni wa kwanza kupotea. Nyingine isuuze kwa maji safi, igongeshe kidogo kwenye kitambaa laini ikauke, usiifute. Ihifadhi kwenye karatasi au plastiki isiyo na PVC; ile laini yenye PVC huacha utando wa kijani.