Anzia kwenye shimo la choo: barua kwa mwanangu Kulwa

Mwanangu Kulwa,

Marahaba. Doto anakusalimu, na wanawe wote wazima isipokuwa yule mdogo aliyejikata na kopo. Simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu, na swali lako si la kujibiwa nikiwa mwaloni Kirumba na mizani ya dagaa mkononi, ndiyo maana naandika. Umesema una milioni 15 ulizodunduliza huko Dodoma, benki iko tayari kukukopesha 20 nyingine, na dalali amekuonyesha kiwanja Buswelu, hapa Mwanza. Unataka kusimamisha vyumba sita vya kupangisha kwa mpigo. Ukaniuliza, "Mama, nianzie wapi?"

Anzia kwenye shimo la choo.

Usicheke. Nilipoanza kujenga Mkolani wewe na Doto mlikuwa wadogo, mliona vumbi, hesabu hamkuziona. Nilijumlisha saruji, tofali, mbao na bati za vyumba sita, nikaona hela inatosha. Choo nilikiandika mstari wa mwisho, laki tatu. Nikapandisha kuta kwanza kwa sababu kuta ndizo majirani wanazoziona. Zilipofika kwenye lenta ndipo nikaita mchimbaji. Futi nne tu, sururu ikalia ngi! Akasogea hatua tano. Ngi! Mwanza yetu hii, mawe unayoyaona juu ya vilima ni kichwa tu, kiwiliwili kiko chini ya udongo.

Tukafanya kama wafanyavyo wapasua kokoto. Tukarundika magogo na matairi chakavu shimoni, tukachoma usiku kucha, asubuhi wakalimwagia jiwe maji na kuliangushia nyundo. Jirani aliyekuwa ameanika kanga zake hajanisamehe ule moshi mpaka leo. Jiwe likapasuka vizuri kabisa. Tukatoa vipande, tukashuka futi mbili, tukakuta jingine. Mwishowe nikajenga choo cha kupanda ngazi, tangi lake la mawe nusu liko juu ya ardhi, na hela ya bati ikawa imeishia humo. Boma likanyeshewa masika mawili. Tofali zenyewe hazikuiva sawasawa tanuruni, ukuta wa nyuma ukalala. Miaka mitatu sikushika hata shilingi ya mpangaji.

Kwa hiyo mimi sikushauri vyumba sita. Jenga viwili, uvimalize: bati, sakafu, umeme, maji, choo, mlango wenye kitasa kinachofunga. Ukitaka piga msingi wa vinne, lakini ezeka viwili. Boma halilipwi kodi, na chumba kimoja chenye mtu ndani kitakununulia saruji ya kile cha tatu.

Mkopo sasa. Kwa riba uliyonitajia, asilimia 17 kwa mwaka, milioni 20 kwa miaka mitatu inakutaka urejeshe kama 713,000 kila mwezi. Vyumba sita vikijaa vyote kwa 60,000 unapata 360,000. Hapo hajahama mtu, bomba halijapasuka, na dalali hajakuzungusha. Zinazobaki utazitoa kwenye mshahara, na watoto wako wanakula kwenye mshahara huohuo. Mimi hata bila mkopo huwa nahesabu mwaka una miezi kumi ya kodi: mmoja chumba kiko tupu, mwingine ni wa fundi. Hesabu ikikataa kwa miezi kumi, naachana nayo.

Kiwanja. Dalali anasema kimepimwa, lakini picha aliyokutumia ni ya mchoro, na mchoro si hati. Mwambie akupe namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ufanye upekuzi, ujue ni cha nani na kama hakina deni au zuio. Kisha kaa na majirani bila dalali. Mwenye kukuuzia akiwa na mke, mke asaini, hata kama jina lake halimo kwenye karatasi. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi mzuri, ila hauhamishi hati, kwa hiyo usiishie hapo ukadhani umemaliza.

Na kile cha bei ya kutupa kule Luchelele, chenye upepo mzuri, kisahau. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata bila sheria, mwaka 2020 ziwa lilipanda likavuka hata alama ya 1964 ambayo babu yako alikuwa haishi kuisimulia. Kuna watu walitoa magodoro kwa mtumbwi.

Wapangaji nao wana somo lao. Mimi niliwapenda wanafunzi wa chuo cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, wanalipa muhula mzima kwa mkupuo. Likizo ndefu vyumba vinabaki na mijusi, nikavumilia. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona hadi mwanzoni mwa Juni, vyumba vyote vikanyamaza siku moja. Tangu hapo nachanganya: wanafunzi, mwalimu, fundi cherehani, yule kijana wa bodaboda. Anayekuja akauliza maji yanatoka siku gani kabla hajauliza bei, huyo namwekea kiti. Ana nia ya kukaa. Dalali hula mpangaji anapohama, wewe unakula anapobaki, kwa hiyo ukimpata mtulivu usimpandishie kodi ovyo kwa sababu ya elfu tano.

Mwandikie mkataba hata akiwa mtoto wa shangazi yako. Hasa akiwa mtoto wa shangazi yako. Kila chumba kiwe na mita yake au submita. Mimi nilitumia mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa vyumba sita, kila jioni kesi: nani kapika kwa jiko la umeme, nani kaacha pasi. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, maana yake aliyenunua umeme ndiye anayekulipia. Kubalianeni mapema, umpunguzie kwenye pango lake. Na asilimia 10 ya pango ni ya TRA, iingize kwenye hesabu tangu siku ya kwanza badala ya kuanza kuwakimbia baadaye.

Jana nilipanda daladala mpaka Buswelu na yule mchimbaji wangu wa zamani. Mwenye kiwanja alinuna kidogo, halafu akakubali tuchimbe mashimo mawili ya kujaribu. Nimemlipa mchimbaji elfu arobaini, utanirudishia. La upande wa barabara limegonga jiwe futi tatu. La upande wa mwembe ameshuka futi nane, udongo mwekundu mtupu, akatoka akiwa anacheka. Chumba ulichopanga kukiweka mwembeni kisogeze upande wa barabara, choo kiende mwembeni. Mashimo tumeyafunika kwa miba ili mbuzi wa watu wasitumbukie. Usilipe kitu mpaka upekuzi utoke.

Mama yako