Mitoki imeyeyuka, baba anasema dripu basi

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 20, yuko mwaka wa pili chuoni. Amekutwa na saratani ya tezi, aina ya Hodgkin. Ameshamaliza mizunguko miwili kati ya sita ya kemo, dripu kila baada ya wiki mbili, na mitoki ya shingoni huipati tena hata ukipapasa. Baba yake anasema Mungu ameshajibu, kurudi kwenye dripu ni kumtilia Mungu shaka. Ametangaza mfungo mkavu wa siku tatu kwa nyumba nzima, mgonjwa akiwamo, kisha mkesha wa shukrani hapa nyumbani. Mtoto naye juzi kasema asiombewe tena, akafunga mlango. Nikimfuata mume namhofia mwanangu, nikimtetea mwanangu naambiwa sina imani. Nifanyeje? – Mama wa Katikati*

Marahaba, mama, na pole.

Nianze na lisilosubiri: dripu inayofuata iende kwa tarehe yake. Mitoki ya Hodgkin mara nyingi hunywea mapema, ndani ya wiki chache tu, na hapo ndipo familia nyingi huishia njiani. Uvimbe wa sentimita moja hubeba seli mamia ya mamilioni. Kila mzunguko huua sehemu ya zilizopo, haufagii zote kwa mkupuo. Zikibaki milioni moja, kidole hakizigusi na hata picha ya skani inaweza kuzikosa. Ukikatisha hapo, zinazobaki ndizo zilizoistahimili dawa, na zikizaliana upya matibabu yake huwa makali kuliko haya. Hodgkin ni kati ya saratani zinazotibika vizuri sana kwa vijana, ila kwa ratiba iliyotimizwa. Wapo wanaopunguziwa mizunguko, lakini anayepunguza ni daktari mwenye picha mkononi. Kwa hiyo muulizeni hivi, baba akiwapo: picha ya baada ya mzunguko wa pili inaonyesha nini, na imebadilisha mpango? Mara nyingi baba huyo hajawahi kulisikia jibu hilo kwa masikio yake. Huletewa na mke, nusunusu, jioni.

Sasa baba. Usimwekee imani upande huu na hospitali upande ule, utashindwa hata kama una haki. Msome naye 2 Wafalme sura ya 20. Mungu anamwambia Hezekia amesikia maombi yake, ameona machozi yake, anamwongezea miaka 15. Ahadi imeshatoka. Kisha Isaya anaagiza mkate wa tini, unabandikwa kwenye jipu. Dawa inakuja baada ya jibu, na hakuna aliyesema Isaya ametia shaka. Halafu nendeni wawili kwa mchungaji kabla ya huo mkesha, mkamwombe aseme mbele ya watu kwamba kijana anaendelea na matibabu. Neno likitoka kwake baba halipotezi heshima, maana hajashindwa na mkewe.

Shukrani toeni, mitoki kunywea ni jambo la kushukuru kweli. Ushuhuda wa "amepona" ndio usubiri. Si kwa sababu ya mkosi; ni kwamba kijana aliyekwisha kutangazwa kuwa mzima huona haya kusema usiku kwamba anatetemeka. Na kutetemeka huko huweza kuwa dalili ya maambukizi yanayoua.

Hapo nikae kidogo. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, kwa kawaida hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Mwili usio na askari hauvimbi wala kutoa usaha. Mara nyingi dalili pekee ni joto. Wekeni kipimajoto karibu na kitanda. Likifika nyuzi 38, au akitetemeka hata kabla joto halijapanda, ni hospitali saa hiyo hiyo, iwe saa nane za usiku. Msimpe kwanza dawa ya kushusha homa, itaficha joto na vijidudu vitaendelea. Mkifika mlangoni semeni "yuko kwenye kemo na ana homa" kabla ya kutaja jina, kwa kuwa dawa ya vijidudu ya mshipani inatakiwa ianze ndani ya saa moja. Asiachwe kwenye foleni. Namba ya simu ya wodi ibandikwe ukutani, na ijulikane mapema nani ataendesha. Kuombea homa ni njiani, gari likiwa linakwenda.

(Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya ile dripu nyekundu si damu, ni rangi ya dawa. Msiitie mkesha hiyo.)

Mfungo mkavu kijana asiuguse. Figo zinahitaji maji kusafisha dawa, na kichefuchefu kimeshamnyima chakula cha kutosha. Uzito ukishuka, hata kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kukokotolewa upya. Waislamu wanaosoma hapa wanajua kwamba Kurani yenyewe, 2:185, inamwahirishia mgonjwa saumu ya Ramadhani. Baba afunge kama moyo wake unamtuma, ila siyo siku ya kumpeleka mtoto kwenye dripu. Dereva wa njaa ya siku tatu ni mgonjwa wa pili.

Mkesha nao, kwa anayepata dripu kila baada ya siku 14, hakuna wiki ya kuuweka: siku za mwanzo anatapika, za mwisho kinga iko chini. Uhamie kanisani, yeye abaki nyumbani. Wanaotaka kumwona waje wawili wawili, asiyekohoa, mikono imenawiwa kwa sabuni, dirisha wazi, dakika 20. Mafuta ya upako yaishie kwenye paji la uso, yasikaribie sehemu ya mpira au sindano. Maji ya maombi yakitoka chupa ya mtu na hayakuchemshwa, asiyanywe. Mitishamba ya kusafisha damu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ini linalotakiwa kuichuja ndilo linaloshughulika na kemo, na nyingine hupunguza nguvu ya dawa au kuzidisha sumu yake. Chochote kilichokwisha kunywewa atajiwe daktari, bila aibu.

Na mwanao. Kwanza angalia tarehe. Dawa nyingi za kuzuia kutapika zinazotolewa na kemo huwa na deksamethasoni, na hiyo humnyima mtu usingizi, humfanya awe mkali, kisha ikiisha humwangusha. Andika siku alizofunga mlango. Zikiangukia siku mbili tatu baada ya dripu, mwambie daktari, kuna linaloweza kurekebishwa. Akisema hana haja ya kuishi, hilo nalo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini isiwe dawa tu. Ana miaka 20, ni mtu mzima. Idhini ya matibabu anatia yeye, na mazungumzo yake na Mungu ni yake vilevile. Huenda amechoka kuwa mada ya maombi ya watu wanaotaja dhambi za siri mbele yake. Mkataze yeyote anayesema "ungekuwa na imani ungeshapona". Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno, na walikuwa wafariji wazuri mpaka walipofungua mdomo. Muulize achague: tukuombee mbele yako, tukuombee chumbani kwetu, au usisikie kabisa habari hiyo? Jibu lolote lifuatwe, na asiulizwe kila jioni kama amebadilika. Zaburi ya 88 inaishia gizani, hakuna "lakini" mwishoni, na bado imeachwa mle ndani.

Chuoni aombe kuahirisha masomo kwa maandishi, na barua ya daktari, kabla ya mitihani. Anayetoweka kimya huandikiwa kafeli, na hilo humvunja kijana kuliko nywele kung'oka. Muulizeni daktari pia habari za uzazi: kuhifadhi mbegu ni jambo la kabla ya dripu ya kwanza, kwa hiyo wazazi mnaoanza safari hii ulizeni leo. Kwake sasa atapewa ushauri wa kusubiri muda gani kabla ya kupata mtoto, na wa kutumia kondomu.

Kesho ukigonga ule mlango, usiingie na neno la Mungu. Ingia na glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, umuulize kama mdomo una vidonda. Asukutue na kutema, mara nne kwa siku. Akikwambia kaa, kaa.

Shangazi