Jibu: Mtu mzima akikubali na kulipwa, ubaya uko wapi?

Ndugu, umeuliza kama mtu mzima amekubali na kulipwa, watetezi wa wanawake wanalalamikia nini kwenye utalii wa ngono. Wenyewe hawana kauli moja. Wapo wanaouona ni ukatili mtupu, wapo wanaosema ni kazi na wafanyakazi wapewe haki zao. Mimi niko na hao wa pili, ila swali lako linaruka jambo kubwa: nani alilijenga soko?

Mwaka 1967 Marekani na Thailand zilikubaliana askari wa vita vya Vietnam wawe wanapumzikia huko, mabaa yakafuata. Korea Kusini, serikali ilikuwa ikisaka fedha za kigeni kwa watalii wa Kijapani. Mwaka 1973 wanafunzi wa kike waliandamana uwanja wa ndege wa Kimpo, Seoul, kuupinga utalii huo, na wanawake wa Japani wakaandamana uwanja wa Haneda, Tokyo.

Tena mnunuzi si mwanamume tu. Karibiani kuna wanawake wa Ulaya wanaolipia vijana, wakiita mapenzi. Na mwanamume anayependa wanaume, aliyebaguliwa kwao, akitua na pasipoti nzito anageuka mwenye nguvu. Ndege ikiondoka, kijana aliyelala naye anabaki na polisi na majirani. Hili linaniuma, maana wote wawili walikuwa wanatafuta pa kupumulia.

Ukitaka mfano wa ridhaa yenye meno, tazama Chiang Mai, Thailand: wafanyakazi wa ngono wa shirika la Empower walifungua baa yao wenyewe, Can Do, mwaka 2006. Waliweka saa maalumu za kazi, likizo na bima.