Kupiga rangi baiskeli nyumbani isibanduke

Mkuu, umeuliza ununue rangi gani ya kupuliza mara hii, kwa sababu ile uliyopiga kwenye baiskeli yako ya Phoenix imetoka magamba kabla ya mwaka. Kabla ya kwenda dukani, bandua gamba moja uligeuze. Likiwa laini na linang'aa kwa ndani, rangi haikushika: ilikaa juu ya ile ya kiwandani ambayo haikupigwa msasa, au juu ya grisi. Ukikuta unga wa kahawia, kutu iliachwa na imeendelea kula chini kwa chini. Hata ukinunua kopo la bei mbaya, halitaponya lolote kati ya hayo mawili.

Mimi niko Tanga, kwenye unyevu na chumvi ya bahari, kwa hiyo nazungumzia ya huku. Aliye Iringa huenda asipate tabu yote hii.

Fungua kila kitu ibaki fremu na foku. Kufunika kwa magazeti ni uvivu tu. Rangi ikiunganisha fremu na nati, siku utakayofungua nati inapasukia hapohapo, maji yanapata mlango. Vikombe vya gololi, nyuzi za ekseli ya pedali na mdomo wa bomba la siti viziba kwa tambara na tepu ya karatasi. Namba ya fremu isijazwe rangi mpaka isisomeke, maana baiskeli ikiibiwa ndiyo utakayoitaja polisi.

Osha kwanza, msasa baadaye. Watu wengi hugeuza, na matokeo yake grisi inasuguliwa mpaka ndani ya mikwaruzo. Sabuni ya unga na maji ya moto, ikauke, kisha futa kwa tina (kimiminika cha kulegeza rangi) na kitambaa safi. Baada ya hapo usiishike kwa mikono mitupu.

Si lazima ukwangue yote hadi chuma. Rangi ya kiwandani ambayo bado imeshika ni msingi mzuri kuliko utakaoweka wewe; ipige msasa wa maji namba 400 mpaka mng'aro wote ufe. Penye kutu ndipo pa kukwangua: brashi ya waya, msasa 80, halafu 120, halafu 240, na kingo za rangi ya zamani uzilaze mpaka kidole kisihisi ngazi. Kwenye maungio ambako msasa hauingii, tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, uvae glavu na ufuate maelezo ya chupa. Kama baiskeli ni ya zamani sana, piga msasa kwa maji tu, usiupulize ule unga, kwani rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi.

Chuma kikishakuwa kitupu, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, siku hiyohiyo. Huku pwani ukikilaza hivyo, asubuhi unakuta kimeshaanza wekundu. Praima ya redi oksaidi inatosha kwa chuma. Kama ni baiskeli ya mtumba, jaribu kwa sumaku. Isiponasa, hiyo pengine ni alumini, na inataka praima yake yenye asidi inayong'ata, redi oksaidi ya kawaida haitadumu.

Sasa rangi yenyewe. Hapa najua nitapingwa: kwa baiskeli ya kubebea mizigo, mimi nachagua rangi ya mafuta na brashi laini kuliko makopo ya bei rahisi ya kupuliza. Inakaa nene zaidi, na robo lita ni nyingi kwa fremu moja. Ilegeze kidogo kwa tapentaini, piga mkono (tabaka) mwembamba, iache ilale usiku, pitisha msasa 600 kidogo tu, rudia. Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mzito, ambao hukauka juu huku chini ukiwa bado mbichi. Ukishapiga mafuta, usije ukapuliza juu yake rangi ya magari ya selulosi. Tina yake itaikunja rangi ya chini kama ngozi ya maziwa.

Ngumu kuliko zote ni rangi ya magari inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Lakini hadina ina kemikali iitwayo isosaineti, inaharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii. Usiipulize uani kwako. Andaa fremu mwenyewe mpaka praima, ipeleke gereji yenye vifaa, ulipie kupuliza tu. Kazi inayokula muda utakuwa umeshaimaliza.

Epuka masika, epuka jioni. Unyevu ukiingia kwenye vanishi inayokauka haraka, inapata ukungu mweupe.

Halafu subiri. Rangi ya mafuta inaweza isigande kidoleni kesho yake, lakini bado haijakomaa. Itundike wiki mbili au zaidi, kisha bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, bado. Wakati wa kufunga, paka nyuzi za nati grisi. Pale mnyororo wa kufuli unaposugua, valisha kipande cha tyubu ya zamani, ila ukivue mara kwa mara ukaushe, maji hujificha humo.

Rangi itakayobaki mimina kwenye kichupa kidogo mpaka juu, isipate hewa ya kuitengenezea utando. Ukiona mkwaruzo umefika kwenye chuma, uzibe siku hiyohiyo kwa tone la rangi hiyo kwenye njiti ya kiberiti.