Re: Jirani ananiuzia maji ya pampu kwa theluthi ya mavuno, nikubali?

Pole sana ndugu. Nimekuelewa: uko bonde la Mkomazi, mfereji umekauka, ekari yako moja ya mahindi inanyauka, na mwenye pampu anataka theluthi ya mavuno.

Usikubali bado. Kwanza jua unanunua maji kiasi gani. Milimita 1 ya maji kwenye ekari nzima ni kama lita 4,000, kwa hiyo kulilowesha shamba kwa milimita 50 ni lita 200,000. Boza la lita 10,000 lingekuja mara 20; hilo lisahau. Weka pipa la lita 200 kwenye mdomo wa bomba la jirani, upime. Likijaa kwa sekunde 20, pampu inatoa lita 36,000 kwa saa, na saa sita zinakutosha kama maji hayapotei njiani. Basi mlipe kwa saa, mafuta yakiwa ndani ya bei, na muandikishiane mbele ya viongozi wa jumuiya ya watumia maji. Ukitoa theluthi halafu mvua ikanyesha wiki ijayo, deni liko palepale.

Maji yakiwa machache, yasubirishe hadi mahindi yatoe mbelewele (maua ya kileleni) na ndevu. Kiu ya wakati huo ndiyo inayoua punje.

Muulize pia kibali cha kutumia maji, kinachotolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani kwa sheria ya 2009. Asipokuwa nacho anaweza kuzuiwa nawe umeshalipa. Na kama ni maji ya kisima, ukaona ukoko mweupe pembeni ya mtaro wake, mwone afisa kilimo yapimwe chumvi kabla hujamwagilia hata tuta moja.