Maswali ya Wasomaji: Sungura Aliyetolewa Kizazi

SWALI: Daktari, shikamoo. Sungura wangu jike wa kilo 2 ametolewa kizazi leo asubuhi. Jioni hii amejikunyata pembeni, hata majani hagusi. Jirani anasema nimwache tu mpaka kesho. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Kupumzika apumzike, lakini kulala na njaa, hapana. Wengi hukodolea macho mshono, kumbe hatari kubwa iko tumboni. Utumbo wa sungura unatakiwa kufanya kazi muda wote, na nyuzinyuzi za majani ndizo zinazousukuma. Maumivu, hofu na dawa ya usingizi huupunguzia mwendo. Chakula kikikwama gesi hujaa, gesi ikijaa maumivu huzidi, na maumivu yakizidi ndipo anapokataa kula kabisa. (Sungura hawezi kutapika, ndiyo maana hata kabla ya upasuaji hafungishwi njaa kama mbwa.)

Kwanza mbembeleze. Msogezee nyasi kavu mpaka puani, pamoja na majani mabichi yenye harufu aliyokwisha kuyazoea, mfano kotimiri. Maji yawe kwenye bakuli zito. Kunyonya chupa kunamchosha.

Usiku ukiingia bila kugusa kitu, mpigie daktari aliyempasua, kisha mlishe kwa sirinji isiyo na sindano, mradi awe macho na anameza vizuri. Unga maalumu wa kulishia sungura wagonjwa ukoroge kwa maji ya uvuguvugu uwe uji unaopita kwenye sirinji. Kiasi cha kawaida ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa mlo, mara 4 au 5 kwa siku, kwa hiyo wako ni mililita 20 hadi 30. Mviringishie taulo, akae kwa miguu yake. Ukimlaza chali uji utaingia mapafuni. Pitisha ncha ya sirinji ubavuni mwa mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, sukuma mililita 1 hivi, ngoja atafune na kumeza. Tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, usimlishe chochote. Mpeleke usiku huo huo.

Ondoa maranda, tandika taulo au magazeti meupe ili uone kinyesi. Punje za mwanzo huwa ndogo na kavu, si neno, ilimradi zinaongezeka. Muda wa saa 12 ukipita hali wala hanyi, hiyo ni dharura. Vilevile akipoa: joto la mwili chini ya nyuzi 38 ni dalili mbaya. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inasaidia, ila aachiwe nafasi ya kuikimbia.

Kujikunyata, macho nusu kufumba, kusaga meno kwa sauti, kubana tumbo sakafuni: hayo ni maumivu. Mpe dawa aliyoandikiwa mpaka iishe. Usishangae kipimo kikiwa kikubwa kuliko cha mbwa wa uzito huo huo, maana mwili wa sungura huiondoa upesi meloksikamu, dawa ya maumivu. Dawa za binadamu usiguse, na amoksilini ya kunywa ndiyo kabisa: huua bakteria wanaomsaidia kumeng'enya chakula.

SWALI: Wangu analamba mshono. Nimvishe kola ya shingoni ya kumzuia?

JIBU: Usikimbilie. Sungura hula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka mkunduni, na kola inamzuia. Wengine wakivishwa hugoma hata nyasi. Kulamba kidogo ni kujisafisha. Anayeng'ata nyuzi huenda bado anaumia, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu dawa ya maumivu, na uulizie vazi la kitambaa la kufunika tumbo.

Kagua asubuhi na jioni. Kingo zilizoshikana, kavu, zenye uvimbe kidogo, ziko sawa. Usaha, harufu, mwanya au uvimbe unaokua, mrudishe. Usipake spiriti wala mafuta, usimwogeshe. Ukimbeba, mkono mmoja ushike matako: teke moja la hewani linatosha kumvunja uti wa mgongo. Kuruka juu ya viti kusubiri siku 10.

SWALI: Mwenzake dume alihasiwa wiki 2 zilizopita. Lini nimrudishe?

JIBU: Mimba haipo tena, kizazi kimeondolewa. Shida ni kupandwa, maana uzito wa dume unaweza kufungua mshono. Watenganishe kwa wavu, wakae ubavu kwa ubavu wasisahauliane harufu, mpaka daktari aseme kidonda kimeshika. Ila kama una jike mwingine ambaye hajafanyiwa, dume huyo asimsogelee bado: mbegu hubaki kwenye mirija hata wiki 4 hadi 6 baada ya kuhasiwa.